Sekunde Sitini na Moja

Mashine zetu mbili zilitoka katika ghala moja la Changamwe, siku moja, zikavuka feri juu ya mkokoteni mmoja. Kampuni iliyokuwa nazo, huko karibu na matangi ya mafuta, ilikuwa imeleta mpya, na zile kuukuu zikapangwa chini ukutani kama viatu nje ya msikiti, kila anayetaka ajichagulie. Mpangaji wetu ndiye aliyepata habari kwanza, kwa sababu alikuwa akiitwa pale mara kwa mara kutengeneza feni na redio. Alinifuata shuleni akitoka jasho.

"Mwalimu," aliniambia, "kuna kompyuta zinatolewa Changamwe. Zinafanya kazi. Mimi nachukua moja. Wewe je?"

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari huko Likoni, na sikuwahi kumiliki chombo cha umeme zaidi ya pasi na redio. Nikasema nachukua.

Nilikuwa bado naishi nyumbani kwa mama. Mama alikuwa mjane, na nyumba ilikuwa yake: mabati juu, ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule. Upande mmoja tulikaa sisi, wa pili wapangaji. Mpangaji ninayemsema alikuwa fundi kutoka bara, mtu mrefu mwenye vidole vyembamba. Mkewe alikuwa mshonaji, na walikuwa na mtoto mchanga. Mimi nilimwita fundi, yeye akaniita mwalimu, na majina yetu ya kuzaliwa tuliyaacha kwenye vitambulisho.

Mama alikuwa na wivu na Kiswahili kama watu wengine walivyo na wivu na mabinti zao. Miezi ya mwanzo alikuwa haishi kumsahihisha fundi. Fundi akisema "hii mtoto inalia," mama hujibu kutoka uani, "Mtoto huyu analia!" na fundi hucheka, akasema, "Sawa mama, huyu, lakini bado inalia." Mwaka wa pili mama alikuwa anampelekea sahani ya wali kila Ijumaa, na Ramadhani ikifika mke wa fundi alikaa naye uani kusukuma unga wa mahamri. Mtoto akawa analala chumbani kwa mama mchana, mkeka mmoja na yeye.

Zile kompyuta zilikuwa za aina iliyoitwa 386. Zilikuwa zimegeuka rangi ya manjano kama meno ya mvuta sigara, na ukiiwasha moja unaweza kwenda kutawadha ukarudi ndipo ikupe kioo cha kuandikia. Mimi niliitumia kuwekea alama za wanafunzi. Fundi aliifungua. Siku ya pili tu, ya kwake ilikuwa imelala kitandani bila ganda, na yeye ameinama juu yake na bisibisi kama daktari.

"Redio zimekwisha, mwalimu," alisema. "Zinakuja za Dubai, zikiharibika mtu anatupa, ananunua ingine. Hii ndiyo kazi ya kesho. Lazima niijue."

Yeye ndiye aliyenifundisha prosesa ni nini. Alinionyesha kijiwe cheusi cha mraba, kikubwa kidogo kuliko stempu, kimekaa katikati ya ubao wa ndani kwa miguu midogo zaidi ya mia. Akasema hapo ndipo mashine inapofikiria, kwingine kote ni njia na stoo. Halafu akaniambia jambo lililonishangaza: kwamba kuna chipu mpya zinazoweza kukaa kwenye tundu lilelile la zamani, ukachomoa ile kuukuu ukatia mpya, na mashine nyingine yote ikabaki ilivyo, lakini ikafikiri haraka zaidi.

Baharia mmoja aliyemfahamu alikuwa akienda Dubai na kurudi. Fundi alimwagiza mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, inakwenda kwa mwendo uleule wa mashine, ila ndani yake ina kumbukumbu ndogo ya kuipunguzia safari. Ya pili ilikuwa inapiga hesabu mara mbili kwa kila pigo moja la saa ya mashine. Hiyo ya pili ilikuwa na sifa ya kuchemka, na kwa joto letu la Mombasa niliiogopa. Nilimwambia mimi nataka ile ya kawaida. Hakuna aliyenilazimisha.

Ikafika yangu kwanza, mwezi wa Juni. Fundi angeweza kuitia kwenye mashine yake akangoja, mimi nisingejua. Hakufanya hivyo. Alikuja nayo mlangoni kwangu imefungwa katika sponji nyeusi.

"Tia wewe kwanza," alisema. "Wewe una vijana wako wa shule."

Kabla ya kuitia tulipima. Hilo lilikuwa wazo langu, na mpaka leo nalipenda wazo lile, kwa sababu ni kitu safi kilichokuwa baina yetu. Niliandika programu fupi ya kutafuta namba tasa, kuanzia moja kwenda juu mpaka kikomo nilichokiweka. Ilikuwa kazi ya kijinga, ya kugawanya na kugawanya, haina ujanja wowote, na ndiyo maana ilifaa kupimia. Niliazima shuleni ile saa inayopimia mbio za wanafunzi. Mke wa fundi alichaguliwa kuwa refa, maana alisema sisi wawili hatuaminiki. Alikaa kwenye kigoda, mtoto mgongoni, kidole juu ya kitufe cha saa.

"Haya!" mimi husema, nikigonga ufunguo.

Mashine zote mbili zilitumia sekunde tisini na sita. Tulipima mara tatu kila moja, na hazikupishana hata nusu sekunde. Mapacha.

Halafu fundi akachomoa chipu yangu ya zamani polepole, akiinyanyua kidogo upande huu kidogo upande ule, pumzi ameizuia, akaingiza mpya. Tukapima. Themanini na nne. Nilijisikia kama mtu aliyepewa samaki akakuta ni kichwa kitupu. Fundi akakuna kidevu, akatoka. Alirudi siku mbili baadaye na diski. Kumbe ile kumbukumbu ya ndani huwa imelala mpaka iamshwe na programu yake, na programu ilikuwa humo kwenye diski, baharia alikuwa ameisahau mkobani. Tukaitia. Mke wa fundi akabonyeza saa, tukatazama kioo, namba zikashuka. Sekunde sitini na moja.

"Sitini na moja!" alisema mkewe, akainua saa juu tuione. Alipima tena, na tena. Sitini na moja, kila mara. Mama alitoka jikoni kuuliza ni nani anayeolewa.

Kwa muda wa miezi miwili mashine yangu ilikuwa ndiyo ya mbio zaidi nyumbani, na nakiri kwamba nilifurahia. Walimu wenzangu walikuja kuiona. Fundi aliendelea na sekunde zake tisini na sita, akingoja baharia.

Ikaja Agosti ya mwaka wa tisini na saba. Watu wa Likoni hawahitaji kuelezwa mwezi ule. Kwa wengine nitasema tu kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na maneno yalikuwa yakipita chinichini kwamba watu wa bara waondoke, warudi kwao. Maneno kama hayo tuliwahi kuyasikia kabla na hayakuzaa kitu, basi tuliyazoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Ijumaa moja, baada ya sala, mjomba wangu alinishika mkono nje ya msikiti. Alikuwa mtu mzima, si mtu wa porojo. Akanivuta pembeni kwenye kivuli cha ukuta.

"Wale wapangaji wenu," alisema, "waambie wende kwao wakapumzike kidogo."

"Kwani kuna nini, mjomba?"

"Sijui kuna nini. Nakwambia mwezi huu si mzuri. Waambie leo. Si kesho."

Niliyasikia maneno yale vizuri, na nilimwona usoni kwamba anaogopa. Nilitembea mpaka nyumbani nikiyapanga nitakavyoyasema. Nilipoingia ukumbini nikamkuta fundi amesimama ananingoja, macho yanang'aa, kiganja amekikunja. Akakikunjua. Chipu yake ilikuwa imefika.

"Kalete saa, mwalimu," alisema. "Refa yuko tayari."

Nikaleta saa. Nilijiambia wacha tupime kwanza, nitamwambia baadaye. Akaitia, akaiamsha kwa programu, nikasema haya, mkewe akabonyeza. Sikuwahi kuona kioo kikienda vile. Sekunde thelathini na nane. Mkewe hakuamini, akapima mara nne. Fundi alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka akapangusa machozi kwa ukosi wa shati. Mimi nilipiga makofi. Nilicheka pia. Lakini moyoni kitu kilikuwa kimenibana, kitu kidogo kichungu. Nilikuwa nikijiambia: hiyo ingekuwa yangu kama nisingeogopa joto.

Sikumwambia siku ile. Kesho yake chipu ilichemka mashine ikaganda, tukashinda kutwa tukitafuta feni ndogo ya kuikalisha juu yake. Sikumwambia. Jumapili walikwenda kanisani, wakarudi, tukapima tena. Nimejiuliza mara nyingi kama ni woga ulionifunga mdomo, au uvivu, au kile kijiuchungu cha siku ya Ijumaa. Jibu ninalolipata hubadilika kulingana na ninavyotaka kujisikia siku hiyo, kwa hiyo siliamini.

Katikati ya wiki ile mambo yakaripuka. Usiku wake tulisikia milio kwa mbali upande wa feri, na asubuhi moshi ulikuwa umesimama sehemu tatu. Fundi alikuwa ametoka alfajiri, kabla hatujajua ile milio ilikuwa ya nini, kwenda kwenye kibanda chake cha kazi. Tulingoja. Mkewe alisimama ukumbini na mtoto, haketi. Karibu saa nne fundi aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa ameufunga mkono wa kulia kwa shati lake, na shati lilikuwa limelowa mpaka linadondoka. Wavamizi walimkuta kibandani. Aliuinua mkono kukinga kichwa, panga likapita juu ya kifundo.

Mama hakupiga kelele. Alimkalisha kitandani kwake, chumbani kwake mwenyewe, akaosha, akafunga kwa vitambaa vya mke wa fundi, vile vya kushonea. Vidole viwili tu vilikuwa vinaitika. Vitatu vilikaa tu.

"Hebu vikunje," mama alimwambia.

"Navikunja, mama," alisema fundi, akivitazama. "Hii haisikii."

Mama hakumsahihisha.

Walikuja alasiri, vijana watano au sita, nyuso wamezifunga vitambaa. Nilikuwa ukumbini. Mama alikuwa ameketi mlangoni juu ya kigoda, anachambua mchele, kama siku yoyote. Fundi na mkewe walikuwa chini ya kitanda chake, na mtoto amepewa titi ili asilie.

"Tunawataka wabara," alisema aliyetangulia.

Mama hakuinua kichwa. Aliitoa chuya moja, akaitupa. Kisha akasema, "Yule wa nyuma, mwenye shati la kijani. Waja nyumbani kwangu na hunisalimu?"

Wenzake wakageuka kumtazama.

"Nakuuliza wewe. Mwendo wako naujua na mama yako namjua. Shikamoo yangu iko wapi?"

Yule kijana aliinamisha uso. "Shikamoo, bibi," akasema, kwa sauti ya mtoto.

"Marahaba. Hapa napika, nina kazi. Mkitaka kuingia, ingieni mnipite juu."

Walitazamana. Wakaondoka. Walichoma nyumba ya pili kutoka yetu, ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbia. Muda wote ule mimi nilisimama ukumbini mgongo ukutani, na sikutamka neno. Hata mikono sikujua niiweke wapi.

Asubuhi yake mama alimvika mke wa fundi buibui lake jeusi, akamfunika mtoto ndani yake, fundi akavaa kanzu ya marehemu baba yangu iliyomfikia katikati ya miguu. Tukawapeleka kwenye uwanja wa kanisa, ambako watu wengi walikuwa wamekimbilia. Mama alitangulia mbele, anasalimia kila aliyekutana naye njiani kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mfuko wa nguo.

Nilirudi pale kanisani siku ya tatu kumwona. Walikuwa wamelala chini ya miti juu ya maboksi, mamia ya watu, harufu ya moshi na ya nepi. Fundi alikuwa amekaa, mkono umefungwa bandeji ya kweli sasa. Tulizungumza juu ya basi la kwenda kwao. Aliniomba nimwekee mashine mpaka apate njia ya kuichukua. Nikasema haina neno. Kisha akanitazama.

"Mwalimu, nikuulize. Ulijua?"

"Nijue nini?"

"Kwamba hii kitu inakuja."

Mkewe alikuwa anakunja kanga. Mikono yake ikasimama.

"Sikujua," nikasema. "Wallahi sikujua."

Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake wakasafiri.

Chumba chao kilifungwa, ufunguo ukawa kwangu. Shule ilifunguliwa muhula wa tatu na madarasa yakiwa nusu. Kulikuwa na askari barabarani, na jioni watu waliingia ndani mapema. Mkuu wa shule akataka orodha mpya za wanafunzi, pamoja na nafasi zao. Nilikaa kwenye mashine yangu nikaanza kufuta majina ya waliohama, moja moja. Kila nilipofuta jina mashine ilikaa ikifikiri, halafu ikapanga upya: kijana aliyekuwa wa kumi na mbili akawa wa tano bila kufanya lolote. Ilichukua muda mrefu. Nilichoka kuyatazama yale majina yakiwa bado pale wakati mashine inahesabu.

Alasiri moja nikachukua ufunguo, nikafungua chumba cha fundi. Nilitaka kujaribu tu, ndivyo nilivyojiambia. Nilifungua ganda la mashine yake, nikachomoa ile chipu ya mbio kama nilivyomwona akifanya, kidogo upande huu, kidogo upande ule, nikaihamishia kwangu pamoja na feni yake. Ili tundu lake lisikae wazi nikalitia chipu yangu. Niliporudi kwenye orodha na kufuta jina, nafasi zilijipanga kabla sijaondoa kidole. Darasa zima lilikwisha kabla ya magharibi. Nilishtuka ilivyokuwa rahisi.

Sikuirudisha. Wiki zikapita, mwaka ukageuka. Nilikuwa nikisema nitairudisha siku atakapotuma mtu.

Mtu akaja, mwezi wa Februari. Alikuwa dereva wa lori, shemeji yake, mwenye haraka, anataka kuwahi feri kabla ya msongamano. Alileta salamu za fundi kwa mama, na kikapu cha maharage. Alimaliza kupakia cherehani na kitanda, akasimama mlangoni kwangu.

"Na ile kompyuta?"

"Nipe dakika kumi," nikasema.

Dakika kumi zilitosha. Niliingia chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikasimama mbele ya mashine yangu na bisibisi mkononi. Nilisikia mama akimpa yule mtu maji. Nikawaza: vidole vyake havifanyi kazi, hataweza kuifungua tena, atajuaje? Hayo ndiyo mawazo yangu, neno kwa neno, sikuyapamba. Niliweka bisibisi chini. Nikangoja kidogo ili ionekane nilikuwa nafanya kitu, nikatoka, nikamsaidia kuibeba mashine ya fundi mpaka kwenye lori, ikiwa na chipu yangu ndani na feni nyingine niliyoiokota mahali.

Barua ilifika wiki tatu baadaye. Mwandiko ulikuwa wa mkewe, mwandiko wa mviringo niliouona mara nyingi kwenye vipande vya karatasi vya vipimo vya nguo. Ilikuwa fupi. Aliandika kwamba mashine imefika salama. Kwamba fundi hawezi kuandika lakini anajifunza mkono wa kushoto. Kwamba waliiwasha kwa jirani yao mwenye umeme, wakaendesha ile programu ya namba tasa, na yeye mwenyewe alipima kwa saa ya mkononi ya kaka yake. Wamepima mara tatu. Sekunde sitini na moja.

Halafu chini yake: *Mume wangu anasema hana neno na wewe kuhusu chipu, chombo ni chombo. Ila anasema sasa amejua na lile jibu ulilompa pale kanisani lilikuwa jibu la namna gani.*

Niliisoma nimesimama uani. Mama alikuwa anaanika nguo.

"Ni ya fundi?" aliuliza. "Hebu nisomee."

Ningeweza kumsomea nusu. Nilimsomea yote, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Hakuelewa habari ya chipu, ikabidi nimweleze. Nikamweleza na maneno ya mjomba. Aliiweka nguo aliyokuwa ameishika ndani ya beseni, taratibu, akapangusa mikono.

"Uliambiwa Ijumaa," alisema.

"Naam, mama."

"Na mimi hukuniambia."

"Sikukwambia."

"Ningewatoa Ijumaa ileile. Kwa gari la mchana." Akaliinua beseni. "Na mkono wake angekuwa nao."

Hakunitukana. Aliingia ndani, na kwa muda wa siku nyingi akawa ananiwekea chakula mezani na kuondoka, asikae kula nami. Nilipomwamkia alijibu marahaba, akaishia hapo.

Niliichomoa ile chipu siku ileile. Nikaifunga kwenye sponji yake nyeusi, nikaweka na feni yake, na barua ya kurasa mbili niliyoandika mara tano. Nilisema yote: mjomba, Ijumaa, bisibisi. Nikapeleka kwenye kampuni ya mabasi. Ndani ya tundu la mashine yangu sikuwa na kitu cha kutia isipokuwa ile prosesa ya kwanza kabisa, iliyokuja nayo kutoka Changamwe. Niliirudisha, na nikawa natengeneza orodha zangu kwa mwendo wake. Stakabadhi ya mzigo ilirudi na sahihi ya mke wa fundi. Barua haikujibiwa. Niliandika nyingine wakati wa Krismasi, chini yake nikaweka namba ya simu ya kunipata, nayo ikanyamaziwa.

Miaka ya mwisho ya tisini ilitupita hivyo. Shuleni walileta kompyuta mpya za msaada, zenye mwendo ambao mimi na fundi tusingeuota, na nikapewa kazi ya kuwafundisha wenzangu. Mama alianza kula nami tena, lakini tulizungumza juu ya bei za vitu na habari za mtaa, na hayo yalitutosha.

Siku moja karani wa shule alinijia darasani, akasema kuna simu yangu ofisini, ya mbali. Nilishuka ngazi mbio. Upande wa pili kulikuwa na kelele za barabarani, na sauti niliyoijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mwalimu."

"Fundi! Fundi, habari zako? Mkono—"

"Niko kwa simu ya sarafu, haina muda. Mama yuko?"

"Mama yuko nyumbani. Hapa ni shuleni. Ni mzima, alhamdulillahi. Fundi, nilikuandikia—"

"Nilitaka mama," akasema. "Nilidhani labda hiyo namba ni ya karibu na nyumba. Tumepata mtoto wa pili, msichana. Tumempa jina lake. Utamwambia?"

"Nitamwambia. Leo hii. Hongereni sana. Fundi, nisikilize—"

"Basi mwambie," alisema, na simu ikakatika. Sijui kama ni sarafu zilizokwisha au ni yeye aliyeirudisha. Nilikaa pale ofisini mpaka kengele ya kutoka, nikidhani labda atapiga tena. Karani aliendelea kupiga taipu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama uani anamenya mihogo. Nikamwambia yote kama nilivyoambiwa. Kisu kikasimama.

"Jina langu?"

"Jina lako."

Aliutazama muhogo uliokuwa mkononi. "Na wewe alikwambiaje?" akauliza.

"Hakuniambia kitu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua muhogo mwingine. Nilivuta kigoda, nikakaa kando yake, nikaanza kumenya.